Kabla ya Maporomoko, Mama Aliuza Mwisho wa Kitabu Chetu na Njugu

Wakuu, salamu kwenu, mlio kazini na mnaojificha chooni na simu.

Kuna mwanachama ameuliza humu: kabla ya kuwapeleka watoto kuona maporomoko, awasomee vitabu gani? Mmemjibu kisomi sana. Sasa mpisheni mtu wa darasa la nne.

Mnanijua. Nina malori matatu na duka la spea Arua, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Lakini hili ni la Koboko, miaka ya sabini, na nikitia chumvi dada yangu Zaitun yumo humu, atanisuta.

Baba alikuwa dereva wa lori la tumbaku. Mama aliuza njugu sokoni. Wote wawili hawakujua kusoma hata jina la sabuni.

Mwaka huo bosi akamwambia Baba: Idi ikifika chukua lori, peleka familia ikaone maporomoko ya Kabalega. Siku moja tu. Koboko nzima ilijua. Mimi mwenyewe nilihakikisha inajua.

Baba akatuletea kitabu kutoka Kampala. Cha picha, kikuukuu, cha mtoto wa tembo aliyesombwa na mto. Alisema mtu haendi kuona kitu kikubwa na kichwa kitupu.

Kila jioni Zaitun, aliyekuwa darasa la tatu, alitusomea kidogo. Baba alisikiliza kutushinda sisi. "Pole pole, binti. Hapo tembo iko wapi sasa?"

Jioni ya kuamkia Idi tukafika pale mtoto wa tembo anaanguka na maji. Zaitun akafunua.

Hakuna kitu. Ukurasa wa mwisho umekwenda.

Wakuu, enzi zile njugu zilifungwa kwa karatasi yoyote iliyo karibu. Sote tukamgeukia Mama.

"Mama Zaitun, umeuza tembo ya watoto!" Baba akasema.

"Tembo gani? Mimi nauza njugu tu. Karatasi ilikuwa imelegea, nikafungia."

"Ulipea nani?"

"Mutu ya kijiji ya Midia. Alikula, akaenda."

Tulicheka mpaka tukalala chini. Zaitun hakucheka.

"Mimi siendi. Huko iko maji inakula watoto."

"Baki," nikamwambia. "Tutakuletea hayo maji kwa chupa."

Akaanza kulia. Hapo kicheko kikaisha, maana Zaitun akibaki, Mama anabaki naye, na Baba asingewaacha siku ya Idi. Safari ilikuwa inakufa mbele yetu.

Baba akavaa kandambili, akatoka. Alirudi na karatasi za njugu alizookota sokoni, nyingine zina mafuta, nyingine zina mate ya watu. Tukazitandaza kwenye mkeka. Hakuna tembo.

Basi akachukua moja, akainyoosha kwenye goti, akasafisha koo.

"Iko hii hapa."

Akasoma: "Mtoto ya tembo ikaanguka. Maji ikapiga kelele, lakini ni kelele tu. Chini kule mto inachoka, inatembea pole pole. Mama yake haikuruka. Ilizunguka na njia ya nchi kavu, ikasimama, ikangoja. Mtoto ikafika."

Wakuu, nilikuwa nyuma ya bega lake. Karatasi ile ilikuwa hesabu za kugawanya, juu mpaka chini.

Na Zaitun alikuwa karibu na karatasi kuliko mimi. Akaitazama karatasi. Akamtazama Baba.

"Imeandikwa hivyo yote?"

"Yote. Mpaka nukta."

Akajifuta macho. "Basi nitaenda. Lakini nikae mbele na wewe."

Maporomoko sitawaelezea, nendeni wenyewe. Nitasema tu kwamba mimi, mvulana jasiri kuliko wote Koboko, nilishika kanga ya Mama nusura imvuke.

Wakati wa kurudi tukapita mtoni upande wa chini, pale maji yametulia. Tembo walikuwa wanakunywa. Jike mmoja alikuwa na mtoto wake, amelowa mpaka masikio.

Baba akazima injini.

Zaitun akasema, "Baba, ulisoma vizuri."

Baba akashika ufunguo. Akawasha lori, likazimika. Dereva yule, wakuu! Akawasha tena.

Nyumbani Zaitun aliandika ukurasa ule kwa mkono wake, akaushona kwenye kitabu kwa sindano ya magunia. Chini kabisa akaweka: Hii imesomwa na Baba.

Somo langu ni fupi. Kitabu chochote kitafaa, ila kifikishe mwisho kabla watoto hawajapanda gari. Mwisho ukipotea, utafute. Usipoonekana, wewe ndiye mzazi, fanya kazi.

Nanyi mlisomewa nini, na nani? Mwageni hapa.

Na wewe uliyeuliza, kitabu kipo kwangu Arua, wajukuu wanakigombania. Njoo nikuazime. Ila kirudi na kurasa zote, hasa ule wa mwisho.