Kilo za Mama Mkwe

Kiwanjani walimwita Kilo, na jina lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kupakia mizigo kwenye ndege ndogo, zile za abiria watano na rubani. Mzigo haupandi bila kupita kwenye mizani yake, na abiria vilevile, maana ndege ya namna hiyo haijui tofauti ya mtu na gunia. Basi hapo ndipo vituko huanza. Wanaume hubana pumzi, eti pumzi nayo ina kilo. Wanawake huwashikisha shoga zao mikoba. Kilo hakumwonea mtu haya.

"Kaka, toa na hizo spana mfukoni. Unasafiri au unahamisha gereji?"

Hakumwonea mtu haya isipokuwa mama mkwe wake, na asubuhi hiyo mama mkwe ndiye aliyekuja na mabegi mawili. Binti mdogo wa mama huyo, aliyeolewa mbali, alikuwa ameshikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, na ndege ya siku ilikuwa hiyo moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pakia taratibu, humo mna vitu vya mtoto."

Kilo akapima mabegi. Akaitazama mizani, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe. Utamwambiaje mama aliyekupa mke apimwe mbele za watu? Rubani akapaza sauti kutoka kitini: "Kilo, mama niandike ngapi?"

"Sitini," akasema, adabu ikamponza.

Sitini! Mama yule sitini aliziacha shuleni. Lakini rubani alimwamini Kilo, akaandika. Mama akaketi kiti cha nyuma kabisa, karibu na mabegi yake. Mkia wa ndege ukadidimia, pua ikainuka kidogo, na aliyeona ni Kilo peke yake, kwa kuwa yeye tu ndiye aliyekuwa nje. Akaogopa kwelikweli. Ndege iliyolemewa mkia huinua pua angani, ikakataa kuishusha, ikaanguka.

"Rubani, usiwashe!" Akafungua mlango. "Mama, nisamehe. Nimekupunguza."

"Umenipunguza nini?"

"Kilo."

Abiria mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mama akashuka polepole, na Kilo akaona ndoa yake inashuka naye. Mama akaenda moja kwa moja hadi kwenye mizani, akapanda.

"Soma."

Kilo akanong'ona.

"Kwa sauti! Mficha uchi hazai, na mimi nina mwana anazaa leo."

"Tisini na nane, mama."

"Sasa ulitaka nife kwa sitini ili watu waseme marehemu alikuwa mwembamba? Heri nifike mzito kuliko nisifike."

Rubani, aliyekuwa ameshuka naye kutazama, alicheka mpaka akaegemea bawa. Wakapanga upya: mama akae mbele kando ya rubani, na begi moja libaki.

"Libaki la nguo zangu," mama akasema. "Nitaazima za mwanangu. Ana mimba, nguo zake pana."

Kilo angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Hata hivyo, mama, hazitakutosha."

Mama akamkazia macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hadi machozi yakamtoka, akamshika mkono ili amsaidie kupanda.

"Haya," akasema, "leo ndiyo umekuwa mwanangu."