Risasi Zilizokohoa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ghala la silaha la walinzi wa wanyama pale Kasese, sikupewa bunduki. Nilipewa sabuni. Mkuu wa Ghala, mzee aliyetoka jeshini akaja na sauti yake yote, alinitazama tangu kichwani hadi viatuni.

"Wewe musichana, toa bangili. Nawa mikono. Sasa nyoosha."

Nikanyoosha. Akaweka risasi moja katikati ya kiganja changu, akanifumba vidole.

"Hapa kwetu risasi hapana tupa juu ya meza kama karanga. Unaweka kwa mukono ya mutu, unaangalia yeye kwa macho. Na kila sanduku mupya, mwenye kupitisha iko napiga ya kwanza. Kama iko mbaya, ianze na yeye. Umesikia?"

"Ndiyo, afande."

"Sema kama mutu amekula!"

"Ndiyo, afande!"

Naitwa Kabugho, mzaliwa wa Maliba. Wakati ule mwanamke ghalani alikuwa kioja, na wengine walidhani nimekuja kupika chai. Sitajifanya mnyenyekevu mbele yenu vijana: nilikuwa fundi hodari, na hadi leo naringa.

Ninyi mnaoziona risasi sinemani tu, hebu niwaeleze. Risasi za bunduki zetu zilikuwa na ganda, ambalo ndilo chombo chenyewe. Kitakoni mwake mna fataki, inayowaka ikigongwa. Fataki huwasha baruti, baruti husukuma kizibo, na kizibo husukuma marisau, vile vijigololi vya madini. Ganda lililokwisha kupigwa linaweza kujazwa upya. Likijazwa na fundi mwangalifu, halina neno. Likijazwa na mtu wa papara, Mungu atusaidie.

Kutoka Kasese nilihamishiwa Bwera, mpakani. Ghala la huko lilikuwa dogo na vipuri havikuwapo, kwa hiyo mwalimu wangu akawa Kambale, fundi wa pikipiki kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyevaa rozari juu ya ovaroli yake. Springi zote mbovu, ambazo yeye aliziita resori, nilimpelekea yeye.

"Mama Kabugho, usitupe!" alikuwa akinipigia kelele. "Hii resori iko muzima. Ni ndugu yake njo alikufa."

Kwake nilijifunza kuokoa kila kitu: parafujo, springi, vipande vya ngozi. Nikapewa jina la Mama Hatupi, nami nikalipenda. Nilipohamia Katunguru, karibu na daraja, jina lilifika kabla yangu.

Kazi ya walinzi wa Katunguru ilikuwa kuwatoa tembo mashambani, hasa upande wa Munkunyu. Walipiga hewani, mnyama akasikia kishindo akarudi porini. Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, pamba ya Munkunyu ilikuwa imefumbuka na tembo wameshaionja. Risasi za kiwandani zilichelewa. Ofisa Ugavi wetu, mtu safi asiyelala kwa ajili ya wakulima wale, akahangaika hadi akapata masanduku ya risasi zilizojazwa upya katika karakana fulani nisiyoijua hadi leo.

Nilichukua moja, nikasimama mbele ya tuta la udongo nyuma ya ghala, nikapiga. Haikulia. Ilikohoa. Nikafungua bunduki, nikakuta kizibo kimekwama ndani ya mtutu. Hapo mtu akipiga ya pili bila kuangalia, mtutu unampasukia usoni. Nikajaribu sanduku jingine: hiyo ilinipiga teke karibu bega ling'oke. Nikafungua chache mezani. Baruti ya hii kijivu kama majivu, ya ile nyeusi, nyingine zimechanganywa. Nikafunga ghala.

Ofisa Ugavi alikuja mbio.

"Kabugho, hii yote tunatupa bure? Tufungue zote. Ganda iko sawa, fataki ni mpya, baruti tunachagua ile nzuri, unajaza tena. Si wewe ndiye Mama Hatupi?"

Niliumia, nawaambia kweli. Mikono yangu yote ilitaka kuokoa.

"Baruti huwezi kuijua nguvu kwa kuitazama, afande. Na fataki hizi sijui zimelala wapi. Marisau nitaokoa. Mengine hapana."

"Marisau peke yake! Nitapiga tembo na manati?" Akanionyesha Baluku, mlinzi aliyekuwa akingoja dirishani, kiganja tayari kimenyooka. "Huyu anaenda Munkunyu jioni. Risasi nzuri zimebaki za kuhesabu. Jaza moja. Baruti nachagua mimi."

Amri ni amri. Nikaijaza. Lakini sikuiweka mezani. Niliiweka kiganjani mwa Ofisa Ugavi mwenyewe, nikamtazama machoni.

"Mimi siipitishi, afande. Unaipitisha wewe. Desturi unaijua."

Hakunikasirikia. Alichukua bunduki, akaenda kwenye tuta, akaiweka begani. Baluku alisimama kando, na mtoto wake wa kwanza alikuwa hata hajabatizwa. Nusura nimkimbilie ofisa nimpokonye ile bunduki. Alikaa vile mpaka jasho likamfika shingoni. Kisha akaishusha, akaitoa ile risasi, akamgeukia Baluku.

"Kama mimi naogopa kuipiga, wewe nitakupa namna gani?"

Ikaisha hapo. Baruti na fataki zikachukuliwa na wataalamu wakaziharibu. Baluku nikampa zile chache za zamani, kiganjani, na walinzi wenzake wakaenda na madebe ya kupiga. Asubuhi alirudi sauti imemkauka. Sehemu ya pamba ilikuwa imekwisha kukanyagwa. Mama mmoja wa Munkunyu alikuja getini akanitukana, "Wewe umeketi na risasi kwa nyumba, sisi tunalala njaa!" Njaa yake ilikuwa ya kweli. Risasi za kiwandani zilipofika, za kwanza zilikwenda kulinda shamba lake.

Nilistaafu kabla muongo ule haujaisha. Siku ya kuniaga walinipa blanketi na hotuba ndefu. Sasa nalima kahawa Maliba, na watu huniuliza kama kuna kitu nilichowahi kutupa maishani. Nawajibu kipo, na ndicho ninachojivunia kuliko vyote nilivyookoa.

Siku ile ya kuagwa, Baluku alikuja mwisho kabisa, mikono mitupu.

"Mama, mimi sina zawadi," akasema. "Lakini angalia."

Akanyoosha viganja vyote viwili mbele yangu, vidole vimetanuka. Nyuma yake walinzi wote wakanyoosha vyao. Nikapita nikiishika mikono ile mmoja mmoja, kama nilivyokuwa nikiipa risasi, na yote ilikuwa mizima.