Vitanda Vitano, Meza Hakuna

Mdogo wangu tuliyemzika juzi, Mungu amlaze pema, nyumbani tulimwita Mbona, kwa kuwa neno hilo lilimtoka kinywani kabla ya salamu. Wengi wanamkumbuka kwa utani wake. Mimi namkumbuka siku aliyotetemeka.

Swali moja lilimwangusha mtihani wa marudio, na aliyeanguka marudio alifukuzwa chuo. Lilimhusu seremala mwenye mbao kumi na siku saba. Kitanda kinakula mbao mbili, meza ubao mmoja. Kila kimoja ni kazi ya siku nzima. Faida ya kitanda ni mara mbili ya meza. Atengeneze nini apate faida kubwa kabisa? Profesa alitaka vitanda vitatu na meza nne. Mbona aliandika vitanda vitano, meza hakuna. Akapewa sifuri.

"Mwanangu, usibishane na mwenye kalamu," mama alimwonya.

"Mbona nisibishane, mama, na hesabu inakubali?"

Lakini asubuhi chai ilimshinda, akaniomba nimsindikize. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Profesa, mlango ukiwa wazi nusu, nikisali kimoyomoyo.

"Kijana, umekuja kunifundisha kazi?"

"Hapana, Profesa. Naomba tupige hesabu zote mbili. Mbao kumi zinaisha kwako, zinaisha kwangu. Faida ni ileile. Tena fundi wangu anapumzika siku mbili."

"Swali halikuuliza mapumziko."

Nikasikia chaki ikikatika ubaoni. Nikamwomba Mungu amfunge mdomo mtoto yule, asije akachomekea mzaha mwingine. Mbona aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe Profesa akanung'unika, kama anayeongea peke yake:

"Kwa hiyo hata vitanda vinne na meza mbili..."

"Ndiyo, Profesa."

"Faida ileile." Kiti kikalia. "Lete karatasi yako."

Mbona alitoka shati limemganda mgongoni kwa jasho. Akanipa karatasi nimsomee, ati macho hayaoni. Sifuri ilikuwa imekatwa, alama zote zimeandikwa kando.

"Dada, mpigie mama. Mimi sauti sina."

Nikapiga. Hata sijaeleza, mama akaniuliza, "Amemwomba radhi mwalimu wake?"

"Amefaulu, mama. Hafukuzwi."

Nikamsikia akimshukuru Mungu. Mbona alikuwa amejiinamia pale kwenye benchi, magoti bado yanamcheza.