Nilipewa gilet ya kukagua wakimbizi Bunia, nikashindwa kula

Wakuu, amani kwenu. Hapa sitatia chumvi, aibu yenyewe inatosha.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Niko na diplome d'État ya kumaliza sekondari, niko na kiti mbele ya mlango kule Saio, mtaa wa Bunia, na kwa miaka kazi yangu ilikuwa kukikalia. Mke wangu anauza makayabo, samaki wa chumvi, sokoni. Shemeji yangu aliniita "Sentinelle", eti nalinda nyumba isiyo na cha kuiba.

Nilizaliwa Fataki, kijijini, mbali na mji. Vita ilipoanza, siye tulikimbia mapema, tukapata nyumba mjini. Waliotufuata waliishia kwenye kambi.

Kisha shirika moja likatafuta watu wa kukagua liste ya kambi. Walisema watu wa mji wanajiandikisha ili wapate bâche, turubai ya kuzuia mvua, na unga. Kila aliyesema ametoka Fataki tulimuuliza maswali ya karatasi: chef wa kijiji ni nani, mto wa karibu unaitwaje, soko ni siku gani. Ukikosa mawili, kalamu nyekundu, jina linafutwa.

Nikapewa gilet, kile kizibao cha shirika. Niliivaa hata kanisani.

Shemeji akaanza kuniita "Patron". Kila jioni superviseur, mkubwa wetu wa kazi, alisoma mbele ya wote nani amegundua "faux", yaani wakimbizi wa uongo, wengi, na jina langu lilitangulia. Tangu shule sijawahi kuwa wa kwanza kwa kitu chochote.

Shida ilikuja polepole. Nilianza kukagua nyumbani. Mke akisema soko lilikuwa baya, namuuliza nani alikuwa shahidi. Chakula kikawa hakipiti.

Aliniambia: "Baba Gracia, uniandike ao unifute, lakini kula."

Nikasema ni malaria. Nilipima, haikuwepo.

Halafu akaja mama mmoja na watoto watatu. Jina la chef alilijua. Mto alisema ni "mto ya kwetu", jina hana. Siku ya soko hakujua.

"Bwana yangu njo alikuwa anaenda soko. Miye ni shamba na kanisa."

Nikachora mstari.

Hakulia. "Na weye, baba, kwenu ni wapi?"

"Fataki."

"Soko ya Fataki ni siku gani?"

Wakuu, nilitazama karatasi.

Foleni nzima ilicheka. Muzee mmoja akasema, "Mufute na yeye, iko faux."

Ni kweli kabisa. Utoto wangu kule niliumaliza ndani ya nyumba, mama ndiye aliyeenda soko. Ningekaguliwa na mimi, ningejifuta.

Siku ile nilirudia karatasi zangu. Wengi niliowafuta walikosa yale yale: mto na soko. Wajane, wazee, wamama wa shamba. Zilikuwa zimebaki siku tatu kufika mugawo wa bâche, na mvua ilikuwa inanyesha kila mchana.

Nikamwendea superviseur.

"Liste imeisha kwenda," akasema. "Kama ulikosea, andika barua, utie sinyatire na jina lako. Kosa itakuwa yako mwenyewe."

Nilikaa na neno hilo siku mbili. Nilitaka yule mama apate bâche, na nilitaka kubaki na gilet. Mwisho niliandika majina thelathini na moja, nikatia sinyatire. Gilet ilichukuliwa palepale, nikarudi na shati ya ndani.

Kumi na tisa walirudishwa. Yule mama alikuwamo. Alinipita na bâche yake kichwani, hakunisalimia. Sikumlaumu.

Nilichojifunza: nilikuwa napima thamani yangu kwa watu niliowapunguza. Sifa ilipanda, mimi nikashuka, na sikuliona hilo kwa sababu kila jioni walinipigia makofi. Kuacha kazi hakukuniponya siku moja. Kula nilianza tena baada ya wiki kadhaa, kidogo kidogo.

Wale kumi na wawili waliobaki nje, majina yao nayajua kwa mpangilio.

Wenye kazi za kusema "weye ndiyo, weye hapana", ofisini ao hospitali: mukifika nyumbani kazi hiyo munaiweka wapi? Andikeni hapa chini. Mukitaka kunicheka kwanza, nafasi iko.