Alama Nyekundu Niliyojichorea

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki, nikaacha darasa la pili nikauze kuni. Nilichonacho nimekitafuta mwenyewe.

Majuzi maafisa walipita hapa Migori na mpango wa kupanua mji na kujenga soko jipya, wakichora X nyekundu kwenye vibanda. Duka langu la mabati wakaliruka. Otieno, fundi wa viatu, alichorewa na akapewa barua yenye muhuri. Kuuliza inasema nini, mtu wa hadhi yangu, singeweza. Nilipomwona akifunga vitu vyake, nikajua amepewa nafasi katika soko hilo. Yeye apewe, mimi niachwe? Nikanunua rangi, nikajichorea X kubwa kushinda zote.

Jumatatu tingatinga likabomoa kibanda cha Otieno, likageukia duka langu. Nikaruka mbele yake.

“Mzee, toka! Umejenga kwa barabara,” afisa akasema.

“Sijajenga! Angalia karatasi yako!”

Akaangalia. “Kweli haumo. Sasa hii X ni nani alichora?”



“Ni mimi.”

Otieno akacheka mpaka akaketi chini. “Jaduong', mzee wangu, wewe ndio uliwaita!”

Leo nina duka, mashine ya kusaga unga, ng'ombe wanne, na Otieno, anayeshona viatu barazani pangu bila kodi huku akiwasimulia wateja wangu kisa cha ile X.