Simu ya Bi Salama

Chumba cha kompyuta cha chuo cha wananchi pale Kibaha kilikuwa zamani stoo ya cherehani, na mpaka leo Tatu akinusa mafuta ya mashine hukumbuka mitandao. Walikuwa wanafunzi kumi na mmoja. Walipakana na darasa la useremala, kwa hiyo usalama wa mitandao ya kompyuta waliusoma huku randa ikikwangua mbao upande wa pili na vumbi lake likiingia hata kwenye matundu ya ruta. Mwalimu Hemedi aliwaanzisha na kubana nyaya: rangi nane, kwa mpangilio usiobadilika. Walizikariri kwa sauti kama watoto wa madrasa, mpaka Bi Salama, mpishi wa chuo, naye akazijua, akawa anazitaja huku akiwapakulia maharage.

Bi Salama alikuwa mtu wa Mlandizi. Tatu, aliyetoka Kisarawe na kupanga chumba Sofu, alimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitikia marahaba na kumwekea ukoko wa wali pembeni. Alimwita mjukuu wangu. Kwa msichana aliyefiwa na bibi yake mwaka uliotangulia, neno hilo halikuwa dogo.

Baba yake Tatu, Mzee Mwinyijuma, alikuwa amempa mwaka mmoja tu. Ukiisha bila mahali pa kushika, angerudi Kisarawe kukaa dukani na kulima mihogo, na Tatu alijua kwamba akirudi hivyo hatoki tena. Pa kushika palikuwa mahali pamoja tu: kiwanda fulani cha Zegereni kilichoomba mwanafunzi mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Mwalimu Hemedi alisema atamchagua kwa mtihani. Kila mmoja atapewa ruta na kompyuta mbili, azilinde kwa siku nne, na yeye mwalimu atajaribu kuingia kwa njia yoyote atakayoiona.

Silvanus, mwanafunzi mwenzao, Mnyamwezi na kwa hiyo mtani wa Tatu aliye Mzaramo, aliangushwa siku ya pili. Nywila yake ilikuwa jina la timu anayoishabikia na mwaka aliozaliwa. Tatu alimcheka mchana kutwa. Nywila yake mwenyewe ilikuwa na herufi ishirini na mbili, haikuandikwa popote, na kufikia Alhamisi wenzake wote walikuwa wameshatolewa.

Alhamisi hiyo, alasiri, Bi Salama alisimama mlangoni akifuta mikono kwenye kanga. Alieleza kwamba mwanawe Badru, aliyeko Maskati, anataka waonane kwa video, na bando lake limekwisha. Hakuomba nywila. Alinyoosha simu tu.

Tatu aliipokea kwa mikono miwili na kuziandika herufi zote ishirini na mbili.

Saa moja baadaye, kwenye kioo cha kompyuta yake ilitokea picha ya sufuria la maharage.

"Ukuta wako sikuugusa," Mwalimu Hemedi alimwambia. "Nimepita ndani ya simu ya mpishi. Mimi ndiye niliyemtuma."

"Ningemwambiaje hapana, mwalimu? Ni bibi yangu yule."

"Hilo ndilo lilikuwa swali la mtihani."

Silvanus alikuwa akiusubiri wakati huo. "Mtani," alisema, "mimi walivunja mlango. Wewe umewakaribisha na chai."

Kwa kuwa hakuna aliyemaliza siku nne, mwalimu alikubali kumpa Tatu, aliyefika mbali kuliko wote, siku moja zaidi: Jumatatu. Ijumaa jioni alipanda kwenda Kisarawe. Alikuta nyumba imetulia kupita kiasi, na mkeka wa marehemu Bibi Biasha umekunjwa kwenye kona ya baraza. Aliukunjua, akakaa.

Enzi za bibi, baraza ile haikupoa. Hodi haijaisha kutamkwa, karibu imeshatoka. Mgeni alitandikiwa, akaletewa maji na mihogo ya kuchemsha, akaulizwa habari za wa kwao mmoja mmoja. Wengine walishinda hapo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Tatu aliwapitisha akilini wote aliowakumbuka, na hakumpata hata mmoja aliyewahi kuvuka pazia la chumba cha ndani, lilikokuwa sanduku la bibi na hati za shamba. Hakuna aliyekatazwa. Walitendewa vizuri mno huko nje hata wasiwaze kuingia.

Alicheka peke yake, kisha akalia kidogo, maana alitamani kumweleza bibi na hakuwepo wa kuelezwa.

Jumatatu alfajiri alifika chuoni kabla ya maseremala. Aliugawa mtandao wake ukawa miwili. Mmoja ulikuwa na kompyuta zake. Wa pili, wenye nywila fupi, aliuacha ufike kwenye intaneti na usione chochote cha ndani.

Saa nne Bi Salama alikuja na simu yake. Safari hii hakutumwa na mtu. Badru alikuwa amepata mtoto. Tatu alimpa kiti, akamletea maji, akamuunganisha kwenye ule wa pili. Kwa nusu saa darasa zima lilisikiliza mtoto akilia Maskati na bibi yake akimwombea dua Kibaha. Alipomaliza, Mwalimu Hemedi aliiomba simu. Alihangaika nayo akitafuta pa kupenya mpaka adhuhuri, akajaribu na ya kwake, mwisho akavua miwani na kuandika jina la Tatu kwenye barua ya Zegereni.

Bi Salama alitaka aelezwe kilichotokea. Silvanus alimweleza, kwa furaha ya mtani anayechochea, kwamba mjukuu wake hakumwingiza ndani kabisa.

"Kumbe uliniacha nje, Tatu?"

"Nilikuweka barazani, bibi."

Bi Salama alifunga kanga yake vizuri. "Basi sawa," alisema. "Barazani kuna upepo." Akarudi jikoni kutazama maharage yake.