Mwalimu wa Kashaloti

Mwalimu wa biolojia wa shule yetu hapa Gihundwe hufundisha kwa sauti ya chini, vumbi la chaki likiwa limemjaa kwenye kucha. "Kashaloti ni nyangumi, si samaki," huwaambia wanafunzi. "Ni munyama mwenye meno. Ananyonyesha batoto, anapumua kwa tundu moja la pua, na analala wima ndani ya maji. Banaitana kwa kugonga." Kisha hugonga ukuta kwa kidole, taratibu, na kuinamisha kichwa akisikiliza.

Upande wa pili wa ukuta huo ni darasa langu. Kabla yangu alifundisha humo mume wa mwalimu huyo, aliyezama ziwani Kivu na mwili wake haukupatikana. Hayo nilikuwa sijaambiwa siku nilipogonga kumjibu. Mara akafungua mlango wangu.

"Ni weye umejibu?"

"Ndiyo, Maman."

"Usijibu tena. Ukijibu weye, siwezi kumusikia bwana yangu."

Akarudi darasani kwake, akagonga. Mimi nilitia mikono mfukoni. Hata hivyo wanafunzi wangu wote waligeuka kuutazama ukuta, kana kwamba umegongwa upande wetu, na upande wa pili nikamsikia akisema polepole, "Nimesikia."